Kutoka Mgeni hadi Mwenyeji: Lugha ya Kumpokea Mwanachama Mpya katika Vyama vya Kujitolea

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mwanachama mpya anavyopokewa na kuelekezwa katika vyama vya kujitolea, na nafasi ya lugha ya Kiswahili katika shughuli hiyo. Inadaiwa kwamba msamiati wa ukarimu, ambao ndio unaotumiwa zaidi siku ya kwanza, humheshimu mtu kwa kumweka katika daraja la mgeni, na kwamba heshima hiyo ikidumu humzuia asiwe mwenyeji. Kwa kuchambua vitenzi vya upokezi, methali zinazohusu mgeni, na mifano ya jando na unyago, ngoma ya beni, Skauti na Msalaba Mwekundu, makala yanaonyesha kuwa upokezi uliokamilika una hatua nne: kukaribisha, kuelekeza, kukabidhi kazi na kusimika. Chama kinachoishia katika hatua ya kwanza hupata wageni wengi na wanachama wachache.

1.0 Utangulizi

Chama cha kujitolea hakina mshahara wa kumfunga mtu, wala hakina amri ya kumlazimisha abaki. Mwajiri aweza kumpokea mfanyakazi wake vibaya na bado akamkuta kazini kesho yake, kwa kuwa mwisho wa mwezi unamngoja. Jeshi laweza kumpokea kuruta kwa ukali, kwa kuwa mlango wa kambi una mlinzi. Chama cha kujitolea, kiwe cha kusafisha ufuko, cha kuchangia damu, cha kuwafundisha watu wazima kusoma au cha kuzikana, hakina kimojawapo cha vitu hivyo. Kinachomrudisha mwanachama mkutano wa pili ni yale aliyoyaona na kuyasikia katika mkutano wa kwanza. Kwa sababu hiyo, suala la upokezi, ambalo mara nyingi huachiwa katibu alimalize kwa hotuba fupi na chupa ya soda, ndilo linaloamua kama chama kitakuwa na watu wa kesho.

Suala hili halijapewa uzito wa kutosha katika taaluma za Kiswahili. Wataalamu wa isimujamii wameshughulikia maamkizi na lugha ya adabu. Wataalamu wa fasihi simulizi wameshughulikia nyimbo za jando na unyago. Lakini mahali yanapokutana mambo hayo mawili, yaani pale ambapo mtu mzima, kwa hiari yake, anaingia katika kundi lililokuwapo kabla yake, pamebaki bila uchambuzi wa kutosha. Makala haya yanakusudia kupaangalia mahali hapo, kwanza kwa kuchambua maneno yenyewe, kisha kwa kuyapima dhidi ya desturi zinazojulikana.

2.0 Msamiati wa Upokezi

2.1 Karibisha, elekeza, ingiza, simika

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kueleza kitendo cha kumpokea mtu, na havilingani maana. Kitenzi karibisha kimetokana na karibu. Kwa maana yake ya msingi, kumkaribisha mtu ni kumfanya asogee. Anayekaribishwa anafika jirani na mlango, au jirani na jamvi, na hapo kazi ya kitenzi inakwisha. Kitenzi elekeza, ambacho ndicho kilichozaa istilahi semina elekezi, kinatokana na elekea: kumwelekeza mtu ni kuugeuza uso wake upande unaotakiwa. Njia bado ataitembea mwenyewe. Kitenzi ingiza kinamfikisha ndani, lakini hakisemi amewekwa wapi huko ndani. Ni kitenzi simika, kinachotumika kwa nguzo inayochimbiwa na kwa mtu anayepewa madaraka, ambacho kinaeleza kuwa aliyeingia amepata mahali pake na ana kitu cha kubeba.

Vitenzi hivi vinne vikipangwa kwa utaratibu, vinatoa ngazi: kusogezwa, kugeuzwa uso, kutiwa ndani, kusimamishwa. Vyama vingi hutumia cha kwanza kwa wingi na cha pili kwa haraka. Cha tatu hufanywa kwa kuandika jina katika daftari, na cha nne hungoja uchaguzi wa viongozi, ambao kwa kawaida haumhusu mwanachama mpya.

Neno karibu lenyewe lina jambo jingine la kuzingatiwa. Hutamkwa mtu anapoingia, kwa kuitikia hodi. Lakini hutamkwa pia anapoondoka, kwa njia ya karibu tena. Mwenye nyumba hamwambii mwanawe anayekwenda sokoni karibu tena. Humwambia asichelewe. Hivyo basi, maneno ya kuagana ni kipimo kizuri zaidi cha uanachama kuliko maneno ya kupokeana. Chama kinachomuaga mtu wake mpya kwa karibu tena kimemwambia, bila kukusudia, kuwa amezuru. Kinachomuaga kwa kumwambia Jumamosi saa tatu usikose, wewe ndiye utakayekuja na ufunguo, kimemwambia kuwa anahesabiwa.

2.2 Jitoa na jitolea

Neno linalobeba dhana nzima ya vyama hivi ni jitolea. Umbo lake lafaa kuchunguzwa:

(1) a. Amejitoa chamani.
b. Amejitolea chamani.

Sentensi (1a) yaeleza kuwa mtu ameacha chama. Sentensi (1b) yaeleza kuwa mtu anatumika humo bila malipo. Ni kweli kwamba jitoa hutumika pia kwa maana ya kujitoa kwa moyo wote, kama katika kujitoa mhanga, lakini pakitajwa chama au kundi, maana inayokuja kwanza ni ile ya kuondoka. Tofauti ya kimofolojia kati ya sentensi hizo mbili ni kiambishi cha kauli ya kutendea tu. Mzizi ni ule ule, na kiambishi rejeshi ji ni kile kile.

Kauli ya kutendea kwa kawaida huongeza mshiriki katika tendo: huyo atendewaye, au hicho kitendewacho. Lakini katika jitolea, nafasi ya kiambishi cha yambwa imekwisha chukuliwa na ji, na kitenzi cha Kiswahili hakibebi viambishi viwili vya yambwa kwa pamoja. Ndiyo maana (2a) haikubaliki, na mwenye kutaka kumtaja anayefaidika hulazimika kumleta kwa kirai, kama katika (2b):

(2) a. *Amewajitolea wagonjwa.
b. Amejitolea kwa ajili ya wagonjwa.

Matokeo yake ni kwamba kitenzi hiki kinaashiria kuwapo kwa mtendewa lakini hakilazimishi atajwe. Mtu aweza kusema anajitolea, akanyamaza, na sentensi ikawa imekamilika. Nafasi hiyo iliyo wazi ndiyo inayoruhusu matumizi yaliyoenea leo nchini Tanzania, ambapo kijana aliyehitimu husema anajitolea katika ofisi au shule fulani, akiwa na maana ya kwamba anafanya kazi bila mshahara huku akingojea ajira. Anayefaidika hatajwi, na wakati mwingine hajulikani.

Kwa mtazamo huo, kazi ya kumwelekeza mwanachama mpya yaweza kuelezwa kwa lugha ya sarufi: ni kuijaza nafasi ya mtendewa. Mtu amekuja akiwa na kitenzi. Chama kina wajibu wa kumwonyesha ni kwa ajili ya nani. Asipoonyeshwa, kauli ya kutendea inabaki bila wa kutendewa, na haichukui muda jitolea inarudi kuwa jitoa.

2.3 Utata wa sisi

Kiswahili hakitofautishi kiumbo kati ya sisi inayomjumuisha msikilizaji na sisi inayomtenga. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha huondoa utata huo. Katika hotuba ya upokezi, muktadha wenyewe ndio unaogombaniwa. Mwenyekiti asemapo sisi hapa hatuchelewi, wasikilizaji wapya hawana hakika kama wanaelezwa tabia ya wengine au wajibu wao wenyewe. Akiendelea kwa kusema na ninyi wapya mtajifunza, utata unaondoka, lakini kwa hasara: ukumbi umegawanyika sehemu mbili. Lugha inatoa tiba yake katika neno sote, ambalo kwa kawaida halimwachi nje mtu aliyepo. Kwa mtu anayesikiliza ili ajue mahali pake, tofauti kati ya kazi yetu na kazi yetu sote ni kubwa kuliko msemaji anavyodhani.

3.0 Nadharia Iliyomo katika Methali

Methali za Kiswahili zinazomhusu mgeni hutajwa moja moja kama mawaidha. Zikisomwa pamoja, zinaonekana kuwa mjadala kamili kuhusu namna mtu wa nje anavyopaswa kuwa wa ndani. Nne zinatosha kuonyesha jambo hilo.

Ya kwanza ni Mgeni ni kuku mweupe. Methali hii inaeleza hali ya mwanachama mpya kabla hajafanya lolote: anaonekana. Kila kosa lake linasimuliwa na kila ukimya wake unatafsiriwa. Wenyeji wanaomtazama hawajui kama wanamtazama, lakini yeye anajua.

Ya pili ni Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Hapa pana agizo la kufuata desturi za wenyeji, na pana gharama yake pia. Methali haisemi kuwa chongo ni jambo jema. Inasema tu kuwa hiyo ndiyo bei ya kukaa. Chama kinachomtaka mtu mpya avunje jicho lake kinapata mtu anayefanana na wengine, na kinapoteza jicho.

Ya tatu inaijibu ya pili: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ndiye mwenye dawa. Amekuja na kitu ambacho wenyeji hawana, au wamekuwa nacho na kukisahau. Kwa vyama, dawa hiyo mara nyingi ni swali. Mtu mpya huuliza kwa nini daftari la michango linatunzwa na mtu mmoja, au kwa nini mikutano huitwa saa ambayo akina mama wenye watoto wadogo hawawezi kufika. Muda wa kuuliza maswali hayo ni mfupi. Baada ya miezi michache naye atakuwa ameyazoea.

Ya nne ndiyo inayojulikana zaidi: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa onyo kwa mgeni asiyejua kuondoka. Fasiri hiyo ni sahihi lakini ni nusu. Mtu asiyetakiwa huonyeshwa njia, hapewi jembe. Anayepewa jembe anapewa pia sehemu ya shamba na mahali katika safu ya walimaji, na haki ya kula mavuno bila kushukuru kama anayekirimiwa. Siku mbili za mwanzo ni za heshima, na siku ya tatu ni ya usawa. Katika vikundi vya kufa na kuzikana, vilivyo vingi mijini na vijijini, jembe hili si la kitamathali. Aliyehamia mtaani huanza kuhesabiwa kuwa mwenzao siku anaposhika jembe kaburini, hata kama bado hawajalijua jina lake vizuri.

Methali hizi nne zinapingana kwa makusudi. Mbili za mwanzo zinaeleza shinikizo linalomkabili anayeingia. Mbili za mwisho zinaeleza wajibu wa wanaompokea. Chama kinachojua mbili za mwanzo tu hugeuka kuwa chama cha kuwapima watu. Kinachojua mbili za mwisho huwapa watu wapya sikio na kazi.

4.0 Mifano kutoka Desturi na Historia

4.1 Kungwi na mwali

Van Gennep (1909) alibainisha hatua tatu katika mila za mpito: kutengwa na hali ya zamani, kuwa kizingitini, na kuunganishwa na hali mpya. Turner (1969) aliipa uzito hatua ya kati, akionyesha kuwa walio kizingitini hufungamana kwa usawa usiopatikana kwingine. Jando na unyago vya Afrika Mashariki vinalingana na maelezo hayo: mwali huwekwa ndani, hufundwa, kisha hutolewa nje kwa shangwe akiwa mtu mwingine.

Ulinganisho na vyama vya hiari una mipaka yake, kwa kuwa mwali hakuchagua. Hata hivyo, jambo moja lafaa kuazimwa. Anayefundwa haachiwi jamii nzima imfunde. Ana kungwi wake. Kungwi ni mtu mmoja anayejulikana, anayewajibika kwa huyo mmoja, na uhusiano wao hauishi siku ya kutolewa nje. Mwali akikosea baadaye, kungwi huulizwa. Mpango huo unatatua tatizo ambalo hotuba ya mwenyekiti haiwezi kulitatua: mambo muhimu ya kundi ni yale ambayo hakuna anayekumbuka kuyasema mbele ya watu wengi, na ambayo mgeni huona haya kuyauliza mbele yao.

4.2 Ngoma ya beni

Beni, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, ilizuka katika mwambao wa Kenya miaka ya 1890 na kuenea Tanganyika na nchi jirani, hasa katika kipindi cha Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Ranger (1975) ameonyesha kuwa vyama vya beni, vikiwemo Marini na Arinoti vya Tanganyika, vilikuwa zaidi ya ngoma. Vilikuwa na sare, vyeo vya kijeshi na vya kifalme, mashindano, na mpango wa kusaidiana katika maradhi na mazishi. Kwa mtu aliyetoka bara na kuingia mjini bila ndugu, chama cha namna hiyo kilikuwa mlango wa mji.

Wingi wa vyeo katika beni umewahi kuchekwa kuwa ni uigaji wa wakoloni. Kwa suala la upokezi, wingi huo una maana nyingine. Chama chenye cheo kimoja cha mwenyekiti na kimoja cha katibu kina nafasi ya watu wawili. Waliobaki ni watazamaji. Chama chenye vyeo vingi kina nafasi nyingi za kuitwa kwa jina la kazi, na mgeni aliyeyatoka makazi ambamo alikuwa mtoto wa fulani hupata tena jina analoitikia. Kasoro ya mpango huo ni dhahiri pia: vyeo huzaa ngazi, na ngazi huzaa wanaobaki chini. Lakini somo linabaki kuwa mtu hushika mizizi mahali ambapo ana jina na jukumu.

4.3 Skauti

Kambi ya majaribio ya Baden-Powell katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, ilifanyika mwaka 1907, na kitabu chake cha mafunzo ya uskauti kilitoka mwaka 1908. Mwanzilishi huyo alifariki mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri, Kenya. Mambo matatu ya mfumo wake yanahusu mada hii. Kwanza, mtoto mpya huwekwa katika kikosi kidogo cha watoto sita hadi wanane chini ya kiongozi wa rika lake, kwa hiyo anajulikana tangu siku ya kwanza. Pili, hatoi ahadi siku anapofika. Hujifunza kwanza sheria, ishara na mafundo ya kamba, kisha huahidi mbele ya wenzake akiwa anajua anachoahidi. Tatu, hupewa alama za nje za uanachama, kama beji na namna ya kusalimiana.

Jambo la pili linaafikiana na Austin (1962), aliyeonyesha kuwa usemi kama naahidi hauelezi tendo, ndio tendo lenyewe, na kwamba tendo hilo hubatilika masharti yake yasipotimizwa. Ahadi ya mtu asiyejua yaliyomo ni maneno matupu. Vyama vinavyomtaka mtu aape au asaini katiba ya chama dakika chache baada ya kufika vinafanya upokezi wao uwe batili kwa kipimo hicho.

Jambo la tatu lina mkasa wake katika mazingira ya Waswahili. Skauti hupeana mkono wa kushoto. Mtoto wa pwani amelelewa akijua kuwa kutoa kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu. Anapojifunza salamu hiyo, anajifunza kwamba desturi ya kundi ina maana ndani ya mipaka ya kundi, na kwamba nje ya mipaka hiyo mkono wa kulia unabaki pale pale. Salamu hiyo ikifundishwa bila maelezo huwa ni kuvunja jicho. Ikielezwa, humtajirisha kwa desturi mbili.

4.4 Msalaba Mwekundu

Kisa cha Solferino, Italia, mwaka 1859, ambapo Henry Dunant alishuhudia majeruhi wa vita wakihudumiwa na wakazi wa Castiglione, ndicho kilichozaa Msalaba Mwekundu. Mwaka 1965, katika mkutano uliofanyika Vienna, shirika hilo lilitangaza misingi yake saba: ubinadamu, kutobagua, kutoegemea upande wowote, kujitegemea, huduma ya kujitolea, umoja, na kuenea ulimwenguni.

Hapa upokezi si suala la hisia njema pekee. Mtu mpya anayevaa alama ya msalaba mwekundu au ya hilali nyekundu anavaa kinga ya wote waliovaa alama hiyo. Akiropoka kuwa anaunga mkono upande mmoja katika ghasia, au akimhudumia wa kabila lake kwanza, hatari haimfikii yeye tu. Yaweza kuwafikia wenzake ambao hata hawamjui. Kwa hiyo mafunzo ya msingi hayawezi kungojea mpaka mtu azoee. Mfano huu unasahihisha dhana iliyoenea kwamba nia njema inatosha. Kila chama, hata kidogo, kina jambo moja au mawili ambayo asiyeyajua anaweza kuwaumiza wengine: siri za wagonjwa wanaotembelewa, fedha zinazochangwa, usalama wa watoto. Mambo hayo hayana siku mbili za ugeni.

5.0 Kazi ya Kwanza

Ikikubaliwa kuwa jembe ndilo linalomgeuza mgeni kuwa mwenyeji, swali linalofuata ni jembe gani. Lave na Wenger (1991) walidai kuwa mtu hujifunza kwa kushiriki pembezoni mwa kazi halisi, akisogea katikati kadiri anavyoiva. Mfano wao mmoja ni wa mafundi cherehani wa Liberia. Mwanagenzi haanzi na kukata kitambaa, kwa kuwa kosa la mkasi halirudishwi. Huanza na hatua za mwisho za vazi, kama vifungo na pindo, ambamo kosa hufumuliwa na kurekebishwa. Kisha hushona, na hatimaye hukata. Kazi yake ni ndogo tangu mwanzo, lakini ni kazi ya kweli, na kila siku inampitishia mikononi vazi zima lililokamilika.

Mfano huo unatoa vigezo vitatu vya kazi ya kwanza. Iwe ndogo, ili kosa lisiwe maafa. Iwe ya kweli, ili isipofanywa pengo lionekane. Na imwonyeshe anayefaidika, ili nafasi ya mtendewa iliyojadiliwa katika 2.2 ijazwe. Kupanga viti kunatimiza kigezo cha kwanza, na pengine cha pili, lakini hakutimizi cha tatu. Kumsindikiza mwanachama mzoefu kumtembelea mgonjwa, akiwa na jukumu la kuandika mahitaji yake, kunatimiza vyote vitatu.

6.0 Upotofu wa Upokezi

Mambo matatu huuharibu upokezi. La kwanza ni karamu isiyokwisha: mtu mpya anasifiwa, anashukuriwa, anaombwa asijisumbue, mpaka anatambua kuwa hahitajiki. La pili ni jembe lisilo na shamba: mtu anapewa kazi siku ya kwanza bila kuelezwa madhumuni wala kuonyeshwa mwenzake wa kumwuliza. Aghalabu jembe hilo hugawanywa kwa jinsia na umri, wanawake wakipelekwa jikoni na vijana wakibebeshwa vyombo, kisha chama kikashangaa kwa nini wenye taaluma zao hawakurudi.

La tatu ni maudhi yanayofanywa kwa jina la utani. Jambo hili lafaa kusemwa waziwazi, kwa kuwa wanaolitetea hudai kuwa ni mila. Utani wa Kiafrika ni uhusiano wa pande mbili. Mtani hutania, naye hutaniwa. Aliyeudhi leo anajua kuwa kesho zamu itamgeukia, na siku ya msiba watani wana wajibu wa kutumika. Mwanachama mpya hana haki ya kujibu, na anayemdhihaki hana wajibu wowote kwake. Maudhi yasiyojibika ni uonevu. Kwa kuwa mlango wa chama cha hiari uko wazi daima, wanaobaki baada ya uonevu huo wana ngozi ngumu kuliko wengine. Hakuna hakika kuwa wana faida kuliko wengine, na kuna hatari kuwa mwakani watakuwa ndio waonevu.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kuwa upokezi wa mwanachama mpya una hatua nne, na kwamba Kiswahili kina kitenzi kwa kila hatua isipokuwa moja. Kumkaribisha ni kumsogeza. Kumwelekeza ni kumgeuza uso, na kunahitaji mtu mmoja anayejulikana, mfano wa kungwi. Hatua ya kukabidhi kazi haina kitenzi kimoja kilichozoeleka katika lugha ya vyama, ingawa methali ya jembe imeieleza. Pengine ukosefu huo ni sababu mojawapo ya hatua hiyo kurukwa. Kumsimika ni kumpa mahali na jina la kazi, baada ya kuahidi jambo analolijua.

Neno mwenyeji huchukuliwa kuwa limeundwa kutokana na mwenye na mji. Likifasiriwa hivyo, kinyume cha mgeni si mkazi wa siku nyingi. Ni mtu mwenye sehemu katika mji. Wako wanachama waliokaa miaka kumi katika vyama vyao wakiwa wageni, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwakabidhi kitu ambacho kingepotea wasipokuwapo. Uchunguzi zaidi unahitajika kuhusu lugha ya mikutano ya vyama hivi, hasa matumizi ya sisi na sote, na maneno ya kuagana. Kwa viongozi wa vyama, kipimo cha awali ni chepesi: mkutano ukimalizika, wasikilize mtu mpya anaambiwa nini mlangoni.